Jinsi ninavyotunza chaji ya betri gari linapokaa miezi mingi bila kutumika

Kazi yangu hunilazimu kuliacha gari likiwa limeegeshwa kwa miezi kadhaa mfululizo, na katika vipindi hivyo kinachodhoofika mapema kuliko vyote, kabla ya matairi na hata mafuta, ni betri. Ushauri niliopewa na karibu kila mtu ulikuwa mmoja: mwachie mtu ufunguo awe analiwasha kila wiki. Siufuati, na sababu zangu zitaonekana, ila ni vyema nianze na namna nilivyochunguza umeme wa gari langu unakokwenda, kwa kuwa yote ninayoyafanya sasa yametokana na uchunguzi huo.

Betri ya kawaida ya risasi na asidi hupoteza chaji hata ikikaa peke yake bila kuunganishwa na kitu chochote. Upotevu huo ni mdogo, takriban asilimia 3 hadi 5 kwa mwezi katika joto la wastani, ingawa huongezeka haraka joto linapopanda. Mlaji mkubwa ni gari lenyewe, yaani alamu, kipokezi cha rimoti ya milango, saa, kumbukumbu ya redio na kompyuta ambazo hazizimiki kabisa. Ili kujua ulaji huo ni kiasi gani, nilifungua mlango wa dereva nikalisukuma komeo lake kwa bisibisi mpaka likajifunga, gari likaamini kwamba mlango umefungwa, kisha nikauondoa waya wa hasi kwenye betri na kuiunganisha multimita, yaani kifaa cha kupimia umeme, kati ya waya huo na kichwa cha betri, ikiwa kwenye kipimo cha ampea 10, ili umeme wote upite ndani yake. Mwanzoni ilionyesha zaidi ya ampea moja. Baadaye ikawa inashuka kwa ngazi, kompyuta moja baada ya nyingine ikilala, na baada ya karibu nusu saa ikatulia kwenye miliampea 30 hivi. Anayetaka kujaribu akumbuke kwamba multimita ikiwa imeunganishwa namna hiyo haifai kabisa kuzungusha swichi ya kuwashia injini, kwa kuwa stata, yaani mota inayoizungusha injini wakati wa kuiwasha, huvuta ampea nyingi mno na fyuzi ya kipimo itakatika papo hapo.

Miliampea 30 ni kiwango cha kawaida, na fundi yeyote atakwambia kwamba gari halina hitilafu. Hata hivyo, katika siku moja kiasi hicho hufikia karibu ampea-saa 0.7 (ampea-saa ni kipimo cha kiasi cha umeme ambacho betri hubeba), na kwa mwezi zaidi ya 21, jambo ambalo kwa betri ya ampea-saa 60 ni zaidi ya theluthi ya uwezo wake. Kwa miezi miwili inabaki chini ya theluthi moja. Hapo gari huenda likakataa kuwaka, lakini hilo ndilo dogo. Kubwa ni kwamba betri inapokaa muda mrefu ikiwa na chaji ndogo, salfeti ya risasi iliyo juu ya bamba zake hugeuka kuwa fuwele ngumu ambazo chaja haiwezi kuziyeyusha zote, na uwezo uliopotea kwa njia hiyo haurudi. Ndiyo maana mimi hutazama volti, wala sisubiri kusikia stata ikisuasua. Betri iliyojaa, ikiwa imepumzika saa kadhaa baada ya kuchajiwa, husoma volti 12.6 au 12.7, ikisoma 12.4 imebaki na takriban robo tatu, na ikisoma 12.2 imebaki nusu. Nimejiwekea 12.4 kuwa mpaka wa kutovuka.

Mahali penye umeme wa uhakika, natumia chaja ya kutunzia betri, ile inayojidhibiti yenyewe. Kwanza huipandisha betri hadi volti 14.4 hivi, kisha ikishajaa huishusha hadi kati ya 13.2 na 13.8 na kuishikilia hapo kwa muda wote gari litakapokaa. Isichanganywe na zile chaja za kizamani zinazosukuma umeme mdogo bila kukoma, kwani hizo huichemsha betri polepole, maji ya seli yakapungua na bamba zikabaki wazi. Kabla ya kuiunganisha husafisha vichwa vya betri kwa maji ya uvuguvugu yenye magadi, na kwa kuwa betri yangu ina vifuniko, hukagua seli na kuongeza maji yaliyokenekwa pale yalipopungua, asidi haiongezwi. Vibanio huvifunga kwanza, ndipo nichomeke chaja ukutani, kwa maana betri inayochajiwa hutoa haidrojeni na cheche karibu nayo si jambo la kufanyia mzaha. Hewa ya chumba nayo iwe inapita.

Pasipo na umeme, njia yangu ni rahisi zaidi na, kwa maoni yangu, ndiyo inayodharauliwa kuliko inavyostahili: naichaji betri ijae kabisa, halafu nauondoa waya wa hasi kwa spana namba kumi. Huanza na hasi daima, kwa sababu spana ikigusa bodi la gari wakati unafungua chanya, umeme hupita mara moja kwa nguvu ya kuchoma. Baada ya hapo unabaki ule upotevu mdogo wa betri yenyewe, ambao betri nzima huuvumilia kwa miezi kadhaa. Kwa magari ambayo betri yake iko kwenye buti, hakikisha kwanza kwamba buti hufunguka kwa ufunguo wa kawaida, la sivyo utajifungia betri nje ya mikono yako.

Nilifikiria pia paneli ndogo ya sola ya kuwekwa kwenye dashibodi. Inafaa kwa gari linaloegeshwa juani, ila nilipopima tundu la kiberiti la gari langu nilikuta halina umeme swichi inapozimwa, maana yake ni kwamba paneli iliyochomekwa hapo isingeichaji betri hata kidogo. Ingebidi iunganishwe na betri moja kwa moja.

Ama kuhusu kuwasha gari kila wiki, stata yenyewe haili chaji nyingi kwa kuwa hufanya kazi sekunde chache tu. Tatizo ni kwamba betri hupokea sehemu ya mwisho ya chaji taratibu, kwa saa nyingi, na dakika kumi za injini kuunguruma gari likiwa limesimama hazifikii huko, huku mvuke wa maji ukibaki ndani ya ekzosi na kwenye oili ambayo haikupata moto wa kutosha. Kama yupo wa kuliendesha nusu saa au zaidi barabarani, hilo ni jambo jingine.

Ninaporudi naunganisha chanya kwanza ikiwa niliiondoa, kisha hasi. Madirisha ya umeme huhitaji kufunguliwa na kufungwa hadi mwisho ili yajue upya mahali pa kusimama, na redio huweza kudai namba yake ya siri, ambayo huwa nimeiandika mapema. Injini ikishawaka napima tena betri: ikisoma kati ya volti 13.8 na 14.5, najua altaneta, yaani jenereta ya gari, inachaji.