Baridi ya Sutherland na simba wawili wa angani

Sutherland, kamji ka Afrika Kusini, ina baridi ya kijinga, nasema bila kuficha. Kutoka Cape Town unakula lami mpaka Matjiesfontein halafu unakata kaskazini kama kilomita 110, nusu jangwa la Karoo tupu, mawe na kondoo. Gesti walitangaza kuna hita, kumbe ipo kweli ila kuiwasha unalipia pembeni, na blanketi lenyewe la kuonea huruma. Mwezi wa sita huo!

Ila usiku wa kule mlimani aisee. Ndiko iliko SALT, ile darubini kubwa ya kutazamia nyota iliyozinduliwa 2005, hiyo wageni hawachungulii, mnapewa ndogo na mnapanga foleni kwenye upepo. Dada aliyetuongoza akawasha leza ya kijani akaonyesha nyota mbili kali pembeni ya lile kundi la nyota la Msalaba wa Kusini, ile iliyo mbali zaidi na msalaba ndo Alfa Sentauri. Akasema Wa-ǀXam, wenyeji wa zamani wa Karoo hiihii, walizijua hizo mbili kama simba dume, zamani walikuwa wanaume, binti mmoja mwenye nguvu za ajabu akawageuza nyota. Watswana wao wanaona twiga, Wainka waliona macho ya llama, Wachina waliiweka Alfa Sentauri kwenye Lango lao la Kusini, na Waarabu wakafuata Wagiriki wakaiita mguu wa Sentauri, yule kiumbe nusu mtu nusu farasi. Mimi nilibaki na simba, maana nilikuwa nimesimama kwenye ardhi yao.

Zamu yangu ikafika, jamaa wa nyuma ananipumulia shingoni, nikainama, jicho likajaa machozi ya baridi nikaona ukungu mtupu. Nikafuta, nikarudi. Weeh! Alfa Sentauri, nyota moja, imekuwa mbili, zimebanana, moja ya njano, nyingine imefifia kidogo na inavuta kwenye chungwa, katikati kauzi keusi. Zinazungukana kwa karibu miaka 80, na aliyegundua kwamba ziko mbili ni padri Mjesuiti, Jean Richaud, akiwa Pondicherry India mwaka 1689.

Nikaomba ya tatu ya familia hiyohiyo, Proxima, jirani wa karibu kuliko wote wa Jua letu, miaka ya nuru 4.24, yaani nuru yake inasafiri miaka minne na ushee kutufikia, Robert Innes aliigundua 1915 hukohuko Afrika Kusini, Johannesburg. Dada akacheka. "Kaka, hiyo iko mbali na hizi kama upana wa mwezi mara nne, na ni hafifu, hata ikiingia kwenye lenzi hutajua ni ipi. Wenzako wanasubiri."

Basi ndo hivyo, nimesafiri kote huko, ya karibu zaidi sijaiona!

Nyumbani Dar hao simba wapo, mwezi wa tano ukitazama kusini saa tatu nne usiku unawakuta juujuu ya mapaa, ni vile taa zimetuzidi. Juzi nimemwonyesha jirani, kanijibu hizo ni satelaiti, tumebishana mpaka mkewe akaja kumchukua.