Kapasita ya 100 nano iliyonitesa wiki nzima kwenye sabufa ya jirani

Jirani yangu, mama wa nyumba ya pili, aliniletea sabufa yake akaniambia, "Fundi, hii inakoroma kama mtu kalala, na besi hakuna kabisa." Nikafungua nikakuta kapasita mbili kubwa za saplai (ndo zinazotunza umeme wa kulisha mashine), 2200 mikrofaradi kila moja, zote zimevimba kichwa, nikapima moja ikasoma kama 400 hivi. Umeme wetu ni wa 50 Hz, ukishapita kwenye dayodi unakuja kwa vipigo 100 kila sekunde, na kati ya kipigo na kipigo IC, yaani chipu inayokuza sauti, inakula kilichobaki kwenye kapasita tu. Vijana huwa nawaambia ni kama maji ya mgao, kapasita ndo simtanki lako, likitoboka likabaki na ndoo mbili basi nyumba nzima inalia. Ukivuta ampia 1 kwenye 2200 nzima volti zinashuka kama 4 na nusu kabla ya kipigo kingine, kwenye 4700 zinashuka kama 2, kwenye ile 400 mahesabu hata hayana haja, ndo huo mkoromo.

Nikataka nimfanyie kazi nzuri. Nikachukua mbili za 4700, hazikuenea kwenye bodi, nikazifunga pembeni ya boksi na kuvuta waya wa kama sentimita 15. Na wakati nangoa za zamani nikangoa pia viseramiki viwili, yaani kapasita ndogo za seramiki, vya 100 nanofaradi vilivyokuwa vimeungua, sikuvirudisha, nikasema moyoni simtanki lote hili, kikombe cha nini tena.

Mkoromo ukaisha kweli. Ila sauti ya mwimbaji ikawa na mchanga mchanga, kila akitamka "s" inakwaruza, na ile IC (ni TDA2030, sabufa nyingi za mtaani zinayo) ikawa inaunguza kidole hata hujaweka muziki. Nikabadilisha IC, vilevile. Nikabadilisha kapasita za pale muziki unapoingilia nikaweka za filimu ya polipropilini (plastiki) nilizokuwa nimezitunza kama dhahabu, vilevile. Siku ya tano nikawasha redio ndogo ya betri, masafa ya kati, nikaisogeza karibu na sabufa, ikaanza kupiga mluzi, nikizima sabufa mluzi unapotea. Hapo nikajua IC yenyewe inatetemeka kwenye masafa ambayo sikio halisikii, inakula moto bure na muziki unapita juu ya huo mtetemo.

Kosa lilikuwa ule waya. Waya wa kawaida una kama nanohenri 1 kwa kila milimita, kwa hiyo sentimita 15 ni nanohenri 150 hivi. Kwenye besi hiyo si kitu, lakini ukifika megahezi 10 inakuwa omu 9 na zaidi, maana yake kapasita yangu kubwa kwa upande wa IC ni kama haipo. Kile kikombe cha 100 nano kazi yake ndo hiyo, kukaa mdomoni kabisa mwa IC impe pale pale anachotaka ghafla. Datashiti ya TDA2030 inasema wazi kwamba ukizipunguza hizo za 0.1 mikro (ndo hiyo 100 nano) chini ya kipimo walichopendekeza kuna hatari ya mtetemo, na mi nilizitoa kabisa. Nikachomea mbili mpya chini ya bodi, moja mguu wa 5 kwenda graundi, nyingine mguu wa 3 kwenda graundi (ndo miguu IC inayopokelea umeme), miguu mifupi kadri ilivyowezekana, halafu nikaongeza 100 mikro kila upande karibu na hapo. IC ikawa vuguvugu tu na mchanga ukaondoka. Zile polipropilini nikazirudisha kwenye mfuko, nikaweka za kawaida, mpwa wangu akawa ananibadilishia bila mi kuangalia, sikuweza kutofautisha hata mara moja.

Ndo maana naumia nikisikia mtu anasema kapasita ya kampuni fulani ina besi tamu. Ukimuuliza unakuta alitoa 220 mikro kwenye njia ya kwenda spika akaweka 1000. Kwa spika ya omu 8 ile 220 inaanza kukata besi kwenye 90 Hz, na 1000 inakata kwenye 20 Hz, sasa hapo besi imeletwa na ukubwa, jina halijafanya chochote. Ukiweka spika ya omu 4 hesabu inapanda mara mbili, 1000 inakata kwenye 40. Na wale wanaopachika filimu ya 100 nano mgongoni mwa elektrolaiti (zile kapasita kubwa za kikopo) ya 1000 kwenye njia ya spika "ili tribo ifunguke", yaani sauti nyembamba, pigeni hesabu jamani, kwenye 20 kHz hiyo 100 nano ina omu 80, wakati elektrolaiti nzima ina sehemu ndogo tu ya omu 1, muziki upite kwa nani?

Sisemi aina haina maana. Mwingereza Cyril Bateman alikaa akapima kapasita moja moja, akaandika kwenye jarida la Electronics World mwaka 2002 na 2003, na vipimo vikaonyesha seramiki za aina ya X7R zinachafua mawimbi wakati seramiki za aina ya NP0 na kapasita za polipropilini ni safi sana. Ila inategemea umeiweka wapi. Kama volti za muziki zinaangukia juu ya kapasita yenyewe, kama kwenye sakiti ya kurekebisha besi na tribo, hapo mi siweki X7R. Igonge na mpini wa bisibisi ukiwa umefungulia sauti, nyingine utasikia "tok" kwenye spika, seramiki hiyo imegeuka maiki. Lakini kwenye njia ya kupitisha muziki tu, elektrolaiti ikiwa kubwa ya kutosha volti zinazobaki juu yake ni kidogo mno, haina cha kuchafua.

Kitu cha kuogopa zaidi siku hizi ni feki. Kuna zenye ganda kubwa na ndani kimewekwa kidogo, unainunua kwa macho. Juzi nimenunua 4700 duka moja, nyepesi mkononi, nikapima ikasoma 1800. Sasa natembea na kipimo mfukoni, napima pale pale kaunta kabla sijatoa hela, na muuzaji akikataa nisipime naenda duka linalofuata.