Nilivyowatenganisha akina Barelvi

Mwaka jana nilikuwa nawasomesha vijana wa madrasa habari za wahuishaji wa dini wa Bara Hindi. Nilipofika kwa Ahmad Raza Khan Barelvi, aliyefariki 1921, binti mmoja akanyoosha mkono: "Maalim, Barelvi si alishauawa Balakot?" Nikakwama. Aliyeuawa Balakot Mei 1831, akipigana na jeshi la Masingasinga, ni Sayyid Ahmad. Ahmad Raza Khan alizaliwa 1856. Nilikuwa nimewataja wote wawili kwa nisba tupu, yaani jina la mji watokako, "Barelvi", na iliniuma, maana mtoto alisikiliza vizuri kuliko nilivyosomesha.

Nisba ni moja, miji ni miwili: Rae Bareli na Bareilly.

Usiku ule nikaachana na orodha ya miaka, nikashika silsila, nani kasoma kwa nani. Nikatandika karatasi ya manila sakafuni. Juu kabisa nikamweka Shah Waliullah wa Delhi (1703–1762), aliyeifasiri Qur'ani kwa Kifarsi, lugha ya wasomi wa mji wake. Wanawe Shah Rafiuddin na Shah Abdul Qadir wakaifasiri kwa Kiurdu. Chini ya mwanawe mwingine, Shah Abdul Aziz, akakaa mwanafunzi wake Sayyid Ahmad wa Rae Bareli. Mshale wa pili ukashuka hadi Deoband, chuo kilichoanzishwa 1866, kwa kuwa isnadi ya hadithi (mlolongo wa walimu waliopokezana) ya waasisi wake, Nanautavi na Gangohi, hupanda hadi kwa Shah Waliullah. Ahmad Raza Khan nikamwandika pembeni kwa wino mwekundu, kwani yeye alisimama kuwapinga wa Deoband na kutetea maulidi. Nilipowaonyesha hapo, darasa zima liliamka, mabishano hayo wanayasikia hata majumbani mwao.

Wafaraizi wa Bengal, wafuasi wa harakati ya Haji Shariatullah, hawakunisumbua. Nilitamka jina tu, watoto wakadakia: "Faradhi!" Ndivyo hasa, walitaka watu warudi kwenye faradhi. Mimi hunigusa zaidi mwanawe, Dudu Miyan, aliyewaambia wakulima kuwa ardhi ni ya Mungu, hivyo mazamindari, yaani mabwana wa ardhi, hawana haki ya kuwatoza kodi juu yake.

Karatasi bado iko ukutani. Yule binti aliomba kalamu, akaandika mji chini ya kila jina.