Tarehe 20 kwenye duka la vifaa vya ujenzi, Mwanjelwa

Saa 1 asubuhi

Baridi ya Mbeya mwezi wa saba inauma, lakini mafundi hawangoji jua. Mimi natunza hesabu za duka la vifaa vya ujenzi hapa Mwanjelwa, na leo ni mwisho wa kuwasilisha ritani, yaani taarifa ya mwezi, ya VAT (kodi ya ongezeko la thamani) ya mwezi wa sita. Naanza na ripoti ya Z, yaani muhtasari wa mauzo ya siku, iliyotolewa na EFD, mashine yetu ya risiti, jana jioni tulipofunga. Jumla yake nailinganisha na daftari la mauzo. Zimeoana, namshukuru Mungu.

Saa 2 na nusu

Fundi mmoja amefika kuulizia nondo. "Dada, nipe bei ya bila risiti."

"Kaka, hapa bei ni moja, na risiti utapewa."

"Mbona yule wa pale chini hana mambo ya VAT na anauza nafuu?"

Swali hili ni la haki, na napenda kulijibu kwa hesabu. Jirani yetu hajasajiliwa VAT, na sheria inamruhusu: usajili ni lazima pale mauzo ya mwaka yanapofika shilingi milioni 200. Tuseme sote wawili tumenunua kwa taslimu mzigo wa shilingi 100,000, na muuzaji wa jumla katuongezea asilimia 18. Kila mmoja ametoa 118,000, na kila mmoja anataka faida ya 10,000. Mimi nauza kwa taslimu 110,000 naongeza VAT 19,800, mteja analipa 129,800. Katika hiyo 19,800 natoa 18,000 niliyokwisha kulipa kwa muuzaji wa jumla, kisha TRA, mamlaka ya mapato, napeleka 1,800. Jirani hana haki ya kurudishiwa ile 18,000, kwa hiyo inabaki ndani ya gharama yake, naye anauza 128,000. Tofauti yetu ni 1,800. Mtu akikupunguzia asilimia 18 nzima, ujue kuna ankara iliyofichwa mahali fulani huko nyuma.

Fundi amecheka, kanunua. Wakandarasi waliosajiliwa sihitaji hata kuwaeleza, maana wao wanaidai ile 19,800 kwenye ritani zao. Kwao mzigo wangu una gharama ya 110,000, wa jirani 128,000. Usajili unaomuuma anayejijengea nyumba ndio unaotuletea wateja wakubwa.

Saa 4

Sasa mafaili ya manunuzi. Kila risiti naitazama: ina TIN yetu, namba ya mlipakodi? Ina namba yetu ya usajili wa VAT, ile VRN? Ikikosekana, kodi tuliyolipa haidaiki, hata kama fedha zilitoka kweli. Karatasi za EFD nazo hufifia. Nimeshika moja ya miezi michache nyuma, maandishi yamekuwa kijivu hafifu, jumla huisomi mpaka uielekeze dirishani. Ndiyo maana kila risiti ikiingia naitoa kopi siku ileile.

Mchanga na mawe tunanunua kwa wenye magari ambao hawajasajiliwa. Hapo hakuna VAT ya kudai.

Saa 7 mchana

Wali na maharage, haraka. Mteja wa Nakonde, upande wa Zambia, amepiga simu, anataka mabati na ameambiwa mzigo unaotoka nje ya nchi hutozwa asilimia sifuri. Ni kweli, lakini mzigo upite forodha mpakani Tunduma na nyaraka za kutoka nipate. Akija kununua kaunta na kupakia mwenyewe kama mteja mwingine, nitamtoza VAT kama kawaida. Amekubali kumtafuta wakala wa forodha.

Saa 9

Hili ndilo linaloninyima raha. Mwezi wa sita tulimkopesha mkandarasi vifaa vya shilingi milioni 11.8, na ankara tulitoa. Kati ya hizo, 1.8 ni VAT. Hajalipa hata shilingi. Kodi haingoji alipe: ankara ikishatoka, deni la mwezi ule ni letu. Maana yake leo bosi anatoa mfukoni fedha za serikali ambazo bado ziko kwa mtu mwingine.

"Mama, hizi tutazitoa wapi? Mzigo wa sementi unaingia kesho," bosi ameniuliza.

Nimemjibu kwa heshima ila bila kuzunguka: zitoke kwenye fedha za sementi, kwa sababu ritani ikichelewa kuna adhabu, na malipo yakichelewa kuna riba juu yake. Kodi hii kwa maandishi inalipwa na mlaji, na mwenye duka ni mkusanyaji tu. Lakini mkusanyaji anayeuza kwa mkopo anaubeba mzigo wa mlaji mgongoni, na maduka madogo yanafia hapo wakati vitabu vinaonyesha faida.

Saa 11 jioni

Ritani imepokelewa, namba ya kumbukumbu ya malipo imetoka, bosi amelipa kupitia benki. Mzigo wa sementi tumeupunguza.

Kabla hajafunga ofisi tumekubaliana jambo moja: kuanzia sasa anayechukua kwa mkopo analipa kiasi cha VAT siku anapopakia, bei ya mzigo ndiyo inayosubiri. Mkandarasi wetu nitampigia mimi kesho saa 2, kabla hajaomba mzigo mwingine.