Ajapojikwaa

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Neno la wiki hii ni Zaburi 37:23-24: "Hatua za mtu zaimarishwa na BWANA, naye aipenda njia yake. Ajapojikwaa hataanguka chini, BWANA humshika mkono na kumtegemeza."

Nawaandikia hasa wanakwaya. Mashindano yakikaribia, mazoezi huwa ya kila jioni, na kuumia hakukosi. Mpiga ngoma anarudi nyumbani na malengelenge viganjani. Mwingine anageuka kushoto wenzake wakigeuka kulia, anakula kiwiko cha mdomo. Kuna anayenaswa na waya wa spika. Na habari ya viatu vya mchuchumio juu ya vigae vilivyotoka kupigwa deki siisemi, akina mama mnaijua.

Zaburi hii ni ya Daudi, na katika mstari wa 25 anajieleza: "Nalikuwa kijana nami sasa ni mzee." Ndiye yule aliyecheza mbele za BWANA kwa nguvu zake zote sanduku la Mungu lilipoletwa mjini, amevaa naivera ya kitani, vazi la kikuhani, mpaka mkewe Mikali akamdharau moyoni (2 Samweli 6). Mikali hakuteguka popote siku ile, alikuwa dirishani. Basi mtu aliyecheza namna hiyo akinena habari za hatua na kujikwaa, mimi namsikiliza. Wala hasemi kwamba mwenye haki hatajikwaa.

Wahenga walisema kujikwaa si kuanguka, bali ni kwenda mbele. Ni kweli, ila hapo mtu yuko peke yake na mguu wake. Kwa Daudi yupo anayemshika mkono. Na Bwana akitaka kumshika mwanakwaya, mara nyingi hutumia mkono wa aliyesimama naye bega kwa bega.

Niliwahi kuona binti wa sauti ya pili akiteguka kifundo cha mguu katikati ya wimbo. Hakuacha kutabasamu, maana kwenye kwaya nyingi ukionekana mgonjwa unaondolewa mstari wa mbele. Jirani yake akaona jasho. Ubeti wa mwisho ulipoingia akampitishia mkono kiunoni, kama vile ni mtindo mpya wa kucheza, wakatoka wote wawili kwa hatua fupi fupi, wimbo ukiendelea. Waliokaa kwenye mabenchi wakapiga vigelegele.

Viongozi, msiwafanye watu wafiche maumivu. Aliyeteguka asikandwe kwa maji ya moto wala kuchuliwa siku hiyo hiyo, hata kama bibi ana dawa yake, kwani uvimbe huzidi. Barafu ifungwe kwenye kitambaa, iwekwe dakika 15 hadi 20, kisha bandeji, na mguu uinuliwe juu ya mto. Asipoweza kabisa kukanyaga, apelekwe hospitali apigwe picha. Maombi yafanyike njiani. Malengelenge ya mpiga ngoma yasipasuliwe, apumzike, fimbo zishikwe na mwingine.

Jumapili hii, kabla ya kuombea ushindi, tuwaombee walioumia kwa majina yao. Na yule wa kifundo mwalimu amwekee kiti pale pale mstari wa mbele, aimbe amekaa. Koo lake ni zima.