Siku Yangu Moja: Kuisimamisha Tena Husuni Kubwa

Saa 12 asubuhi

Kompyuta imekesha ikirenda, yaani ikigeuza modeli zangu kuwa picha, na kabla ya chai nafungua picha zilizotoka usiku. Kazi yangu ni kujenga upya majengo ya kale kwenye kompyuta, kwa vipimo vitatu (3D). Kwa sasa niko na Husuni Kubwa, jumba la Sultani al-Hasan ibn Sulaiman lililojengwa Kilwa Kisiwani mwanzoni mwa karne ya 14. Leo ni magofu juu ya genge la miamba, yakitazama mlango wa bahari na Kilwa Masoko ng'ambo. Mimi nalisimamisha tena nikiwa Dar es Salaam, kwa ajili ya maonyesho ya wanafunzi wa sekondari.

Cha kwanza ninachokagua ni jua. Mafunzo mengi ya mtandaoni yametengenezwa na watu wa kaskazini mwa dunia, ambako jua la mchana huwa kusini mwaka mzima. Kilwa iko kama nyuzi 9 kusini mwa ikweta. Mwezi Juni, adhuhuri, jua liko kaskazini, kwa hiyo ukuta unaotazama bahari ndio unaowaka na ule wa nyuma uko kivulini. Desemba mambo yanageuka. Naingiza mahali Kilwa ilipo kwenye ramani, tarehe na saa, kisha naangalia kila kivuli kimeangukia wapi. Leo viko sawa.

Saa 2 na nusu

Leo ni siku ya dari, sehemu ninayoipenda kuliko zote. Kuta za chini ninazo: mwanaakiolojia Neville Chittick alichimba Kilwa kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1950 hadi katikati ya miaka ya 1960, na michoro yake inaonyesha chumba kwa chumba. Kuna pia vipimo vya leza vya mradi wa Zamani wa Chuo Kikuu cha Cape Town, waliopima Kilwa Kisiwani na kisiwa jirani cha Songo Mnara. Lakini dari ndiyo huanguka kwanza. Kwa sehemu kubwa ya jumba hili, kilichobaki juu ni anga.

Hapo mwalimu wangu ni boriti. Programu inakubali chumba cha upana wowote, mkoko haukubali. Boriti ya mkoko hubeba dari la mawe na chokaa kwa upana wa mita 2.5 hadi 3 hivi, basi. Ndiyo maana ukitembea kwenye magofu ya Kilwa, au Gede, au ukiingia nyumba za kale za Lamu, unakuta vyumba virefu na vyembamba. Palipohitajika upana zaidi, mafundi waliongeza nguzo au walipandisha matao na kuba. Kwa hiyo nikisoma upana wa chumba kwenye mchoro, nusu ya jibu la dari ninalo tayari. Nimeona picha nyingi mtandaoni za "miji ya kale ya Waswahili" zenye kumbi pana kama uwanja wa mpira, bila nguzo hata moja. Zinaniuma, kwa sababu mtoto akishaiona picha hiyo anaiamini.

Saa 4

Nampigia mzee mmoja, fundi wa chokaa, aliyewahi kukarabati kuta za magofu.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Leo una chumba gani?"

Namwambia chembamba, cha upande wa bahari. Anaanza kunipandishia dari kwa maneno: boriti zipangwe karibu karibu, juu yake mawe bapa, halafu kokoto na chokaa, kisha watu watwange.

"Watwange mpaka lini?"

"Mpaka iache kunywa maji. Na usiichore nyembamba, hilo dari ni zito."

Narudi kwenye modeli na kunenepesha dari. Mara moja jumba linabadilika: madirisha yanaonekana madogo zaidi, kuta zinaonekana zina kazi ya kufanya.

Saa 6 mchana

Ngozi ya ukuta. Kuta zenyewe ni mawe ya matumbawe magumu na chokaa, lakini fremu za milango na vidaka (vishubaka vya ukutani) vilichongwa kwa tumbawe laini, linalokatwa baharini likiwa bichi na kuwa gumu likishakaa hewani. Ukilisogelea sana unaona uso wake una vitundu vidogo vidogo vyenye miale, vimepangana kwa karibu mno. Vitundu hivyo nataka vionekane mwanafunzi akisogea kwenye skrini. Nina picha za kipande kimoja zilizopigwa pande zote, kila picha ikifunika zaidi ya nusu ya iliyotangulia ili programu iweze kuziunganisha. Zilipigwa siku ya mawingu. Ukipiga juani, kivuli kinaganda kwenye jiwe na hakitoki tena.

Saa 7

Wali, maharage, mchicha. Umeme unakatika, betri ya akiba inashika. Tuendelee.

Saa 8 na nusu

Kikao na mratibu wa maonyesho. Ameona mji niliouweka kuzunguka eneo hilo.

"Kaka, mbona nyumba nyingi za miti na makuti? Sisi tulitaka mji mweupe wa mawe."

"Dada, yule msafiri Ibn Battuta alifika Kilwa mwaka 1331, enzi za sultani huyuhuyu. Aliusifu mji kwa uzuri wake, na akasema nyumba zake ni za miti, zimeezekwa kwa majani."

Ananyamaza, anaiangalia tena picha. Namweleza kwamba mji kuwa wa miti na udongo hakuupunguzii hadhi hata kidogo. Msikiti Mkuu ulikuwa wa mawe, ikulu ya mawe, na wengi wa wakazi waliishi kwenye nyumba za miti, udongo na makuti, vifaa vinavyofaa joto la pwani kuliko saruji tunayojibana nayo leo. Mji mweupe mtupu ungewafuta hao. Tunakubaliana makuti yabaki.

Naye ananiomba kitu kizuri: wanafunzi wajue kipi ni hakika na kipi ni makisio. Ndilo linalotakiwa na Hati ya London ya mwaka 2006, iliyorekebishwa 2009, inayoongoza kazi za namna hii.

Saa 11 jioni

Bwawa la pembe nane la jumba hilo. Umbo lake bado linasomeka ardhini, kwa hiyo kazi ni ndogo: maji, anga wazi juu yake, basi.

Saa 3 usiku

Naandaa matoleo mawili ya kurenda usiku huu. La kwanza ni jumba kamili, na lipu ya chokaa na jua la Juni. La pili ni lilelile, kamera palepale, ila kilichosimama mpaka leo kina rangi ya jiwe, kilichotokana na uchimbaji ni njano, na dari zangu zote za makisio ni kijivu. Ukutani yatakaa sambamba, kwa ukubwa mmoja. Hilo nimeliandika kwenye makubaliano.