Nilivyomtembeza Shangazi majimbo ya Kusini mwa Marekani wakati wa baridi

Shangazi yangu alifundisha historia sekondari huko Tanga mpaka akastaafu, na miaka yote hiyo aliwasomesha watoto wa watu habari za Martin Luther King na mgomo wa mabasi wa Montgomery akiwa hajawahi kuvuka bahari. Alipopata viza ya kuja kututembelea hapa Louisville, Kentucky, sikupata hata nafasi ya kumwuliza angependa kuona nini. Aliniambia kwenye simu kabla hajapanda ndege: "Mwanangu, hiyo New York waachie wenyewe. Mimi nipeleke Alabama."

Likizo yangu iliangukia Januari 2025. Ndugu na marafiki walinishangaa: mama wa miaka 68, mwenye presha na goti linalomsumbua, umtoe barabarani mwezi wa baridi kali? Lakini nilishapima. Majira ya joto huko Kusini ni joto la unyevu linalomchosha hata kijana, na vimbunga vya Ghuba ya Mexico huwa na msimu wake, Juni hadi Novemba. Januari hoteli hushuka bei, makumbusho hayana msongamano, na kwa kawaida ukishaivuka Tennessee koti zito unaweza kuliweka kiti cha nyuma. Naandika haya kwa sababu wengi wetu hapa, Watanzania, Wakenya na Wakongo, tunaletewa wazazi wanaokuja kututembelea, kisha wanamaliza miezi yao sebuleni wakitazama televisheni. Wanaweza kutoka, hata baridi ikiwepo, ila safari ipangwe kwa mwendo wao.

Njia nilichagua barabara kuu ya I-65. Inapita hapa kwetu Louisville na kushuka moja kwa moja hadi Nashville, Birmingham, Montgomery na Mobile, ufukweni. Kutoka Mobile tungeshika I-10 kwenda New Orleans, na kurudi kwa Mississippi na Memphis. Nilijiwekea kwamba kwa siku tusiendeshe zaidi ya saa nne, tuondoke saa nne asubuhi jua likishayeyusha barafu ya usiku, na tuwe tumefika kabla ya saa kumi na moja jioni, maana Januari giza huingia mapema. Nikaacha pia siku tupu kati ya kituo na kituo, na nikachukua vyumba katika hoteli zinazokubali mtu aahirishe bila kutozwa. Vyumba vya chini, kwa ajili ya goti. Na kila palipowezekana, chumba chenye jiko dogo na friji.

Kabla ya kuondoka nilipima betri ya gari, kwa sababu baridi huiua betri dhaifu usiku mmoja, nikakagua tairi, nikajaza maji ya kioo cha mbele yale yasiyoganda. Buti nilipakia mablanketi, tochi, koleo dogo na maji ya kunywa, na tangi la mafuta halikushuka chini ya nusu safari nzima. Lakini kama una mgeni mzee, jambo la kwanza kabisa ni bima ya afya ya wageni. Hospitali za huku zinaweza kummaliza mtu kwa gharama za usiku mmoja. Soma vizuri ile sehemu ya magonjwa ambayo mgonjwa alikuwa nayo tangu nyumbani, kwa kuwa bima nyingi hazigusi presha au sukari ya zamani, na nyingine hugusa kwa masharti. Dawa zake zilikaa kwenye mkoba wake, si kwenye buti ambako usiku kunaganda.

Mavazi tulibishana kidogo. Alikuja na koti moja zito akiamini limetosha. Nikamnunulia fulana nyembamba za kubana za mikono mirefu, sweta mbili, soksi za sufu na kofia ya kufunika masikio, ili ndani ya gari apunguze na nje aongeze. Khanga zake nazo zilifanya kazi: moja magotini, nyingine mabegani. Na chupa ya chai ya tangawizi haikukauka tangu Louisville.

Katikati ya Kentucky saa inarudi nyuma kwa saa moja, unapotoka majira ya mashariki kuingia ya kati. Kwa dereva ni jambo dogo. Kwa mtu mwenye dawa za saa maalumu na sala tano, ni la kupangia. Dawa tuliziacha kwenye saa ya Louisville. Sala alikusanya Adhuhuri na Alasiri kama msafiri, mara nyingi kwenye maeneo ya kupumzikia kando ya barabara kuu, ambayo yana joto na vyoo safi. Tukanywa chai Bowling Green, tukalala Nashville, kesho yake tukaingia Alabama.

Birmingham tulikwenda moja kwa moja kwenye kanisa la Kibaptisti la Mtaa wa 16. Hapo ndipo bomu la wabaguzi liliwaua wasichana wanne Jumapili ya tarehe 15 Septemba 1963: Addie Mae Collins, Cynthia Wesley, Carole Robertson na Denise McNair. Watatu walikuwa na miaka 14, Denise alikuwa na 11. Shangazi alikuwa akiyataja majina hayo darasani kwake, na hapo mlangoni aliyataja tena, mmoja mmoja, bila kuangalia popote pameandikwa. Ng'ambo ya barabara ni bustani ya Kelly Ingram, yenye sanamu za mbwa wa polisi wamekenua meno wakiruka kutoka pande mbili za njia. Unapita katikati yao. Mama mmoja mzee Mmarekani Mweusi alitusalimia, akamwita Shangazi kwa heshima, akamwuliza katoka nchi gani, na wakasimama wakizungumza, mimi nikitafsiri, mpaka upepo ukatufukuza. Kusini watu husalimiana hata wasipojuana. Shangazi alilipenda hilo kuliko jengo lolote.

Montgomery ndiyo iliyokuwa moyo wa safari, na nilipatengea muda mrefu. Angalia siku kabla ya kwenda, maana makumbusho hufungwa baadhi ya siku za wiki. Kanisa la Dexter Avenue, alilochunga King kuanzia 1954 hadi 1960, ni jengo dogo la matofali mekundu hatua chache tu kutoka jengo la bunge la jimbo. Shangazi alikuwa amelifikiria kubwa. "Kumbe waliuanzisha humu?" akasema. Mgomo ule wa Weusi kususia mabasi, uliofuata kukamatwa kwa Rosa Parks tarehe 1 Desemba 1955 kwa kukataa kumwachia mzungu kiti, ulidumu siku 381, na watu walitembea kwa miguu kwenda kazini, pamoja na Desemba mbili na Januari moja za baridi kama hii tuliyokuwa tumejifunika sisi.

Kisha tukaenda kwenye mnara wa kumbukumbu wa Wamarekani Weusi waliouawa na makundi ya wazungu wabaguzi, uliofunguliwa 2018. Uko juu ya kilima, wazi, kwa hiyo vaa kila ulicho nacho. Una nguzo za chuma cha kutu zaidi ya 800, kila moja na jina la wilaya na majina ya waliouawa humo. Watu zaidi ya 4,400 kwa jumla. Njia haina ngazi, inashuka taratibu, na hilo lilitufaa kwa goti. Mwanzoni nguzo ziko usawa wa macho yako. Kadiri unavyoshuka zinabaki juu, mpaka mwisho zinaning'inia kichwani kwako. Ukutani kuna vibao vya maelezo mafupi. Kimoja kinamtaja Caleb Gadly, aliyenyongwa Bowling Green, Kentucky, mwaka 1894 kwa kosa la kutembea nyuma ya mke wa tajiri wake mzungu. Shangazi alikisoma mara mbili. "Si hapo tuliponywa chai?" Nikamwambia ndiyo. Tulikaa kwenye benchi kwa muda mrefu, na baadaye hotelini alizungumza usiku kucha habari za Bagamoyo na Pangani, ambako alikuwa akiwapeleka wanafunzi, na jinsi ambavyo kwetu hakuna aliyeyaandika majina ya waliouzwa utumwani. Kwa mtu mzee, panga mahali kama hapa pawe peke yake kwa siku nzima. Usifuatishe kingine.

Selma, humo humo Alabama, tulitembea darajani kwa miguu. Daraja la Edmund Pettus lina urefu wa mita 380 hivi na limepinda kama upinde, kwa hiyo ukianzia upande wa mji hauoni ng'ambo mpaka ufike kileleni. Waandamanaji wa tarehe 7 Machi 1965, waliokuwa wakidai haki ya Weusi kupiga kura, waliwaona polisi wakiwasubiri walipofika hapo juu, na hawakurudi nyuma. Niliegesha gari, nikamshika mkono, tukapanda hatua kwa hatua na upepo wa Mto Alabama ukitupiga ubavuni. Kileleni alisimama akapumzisha goti. "Mimi nilikuwa nawaambia wanafunzi walivuka daraja," akasema. "Sikujua kwamba walikuwa wanapanda."

Chakula kinahitaji maelezo kwa Waislamu. Kusini nyama ya nguruwe imo hata usipoitazamia: mboga za majani huchemshwa nayo, maharage huungwa nayo, na supu nzito ya gumbo mara nyingi ina soseji yake. Tuliuliza kila mahali, na hakuna aliyekasirika. Samaki wa kukaanga, kamba, wali, bamia na viazi vitamu vilitutosha, ingawa mafuta ya kukaangia nayo uliza.

Mobile tulipita Africatown, kijiji kilichoanzishwa na Waafrika walioletwa utumwani kwa meli ya Clotilda mwaka 1860, zaidi ya miaka 50 baada ya Marekani kupiga marufuku kuingiza watumwa. Mabaki ya meli hiyo yalitambuliwa 2019. Tulikuwa na nia ya kukaa zaidi, lakini utabiri wa hali ya hewa ulikuwa umeanza kubadilika. Idara ya hewa ilitangaza theluji ufukweni, jambo ambalo watu wa huko walikuwa hawajawahi kuliona kwa kiasi hicho. Nikaamua tufike New Orleans Jumapili ile ile, tukae ndani.

Jumatatu tarehe 20, sikukuu ya King, nilikwenda dukani mapema. New Orleans Jumatatu ni siku ya maharage mekundu kwa wali. Zamani ilikuwa siku ya kufua, na mama mwenye nyumba aliyaacha maharage yachemke taratibu huku akifua. Nikanunua maharage, mchele, vitunguu na tui la nazi la kopo. Hoteli ilituomba tuache mabomba yadondoke matone usiku ili yasipasuke. Jumanne asubuhi theluji ilianza, na uwanja wa ndege ulipima sentimita 20, wakati rekodi ya awali ilikuwa chini ya sentimita 7, ya 1963. Barabara ya I-10 ikafungwa.

Kwa sisi tuliozoea theluji ya Kentucky, sentimita 20 si za kuogofya, na wapo wageni waliotaka kuondoka. Hapa ndipo nawasihi wenye kusafiri wasikilize. Miji ya Kusini haina magari ya kutosha ya kusukuma theluji, wala akiba ya chumvi, wala madereva waliozoea. Tena New Orleans imezungukwa na maziwa na vinamasi, karibu kila njia ya kutoka inapita juu ya daraja refu. Daraja hupigwa na baridi juu na chini, halina ardhi ya kulitunzia joto, ndiyo maana huganda kabla ya barabara nyingine na huyeyuka mwisho. Zile siku tupu nilizoziacha zilikuwa za hapa. Sikupoteza chumba mbele wala sikupoteza senti.

Shangazi alipika maharage ya nazi, akawapelekea wageni wa vyumba jirani waliokuwa hawana kitu kwa kuwa wapishi wa hoteli hawakuweza kufika. Watu wazima walikuwa wakiteleza kwenye tuta la Mississippi kwa maboksi na matenga ya nguo. Alitoka na kofia yake, akapiga video ya kupeleka Tanga, akarudi kunywa chai.

Tuliondoka Ijumaa, barabara zikishafunguliwa na jua likiwa juu, kwa I-55 hadi Jackson, Mississippi, ambako tulisimama mbele ya nyumba ya Medgar Evers, mpigania haki za Weusi aliyepigwa risasi uani kwake Juni 1963. Halafu Memphis. Moteli ya Lorraine, alikouawa King, sasa ni makumbusho, na chumba namba 306 kimeachwa kama kilivyokuwa tarehe 4 Aprili 1968, shada la maua likiwa kwenye roshani. Shangazi alikuwa na miaka 11 siku hiyo. Alinisimulia baba yake, babu yangu, alivyozima redio, akakaa kimya, kisha akamwita aje asikilize kwa nini. Sikuwa nimewahi kulisikia hilo.

Kutoka Memphis tulilala Nashville, tukafika nyumbani mchana. Kesho yake nililipeleka gari kuoshwa upande wa chini, kuondoa chumvi ya barabarani inayokula chuma. Shangazi alikuwa ameshaanza kuuliza South Carolina ni saa ngapi kutoka hapa.